Hatua Saba Nilizikariri, ya Nane Ikaniumbua

Bonanza la vitivo la muhula uliopita, meza ya sataranji, sisi wa elimu na wale wa uhandisi tulikuwa moja kwa moja. Ubao wa tatu ndio ungeamua, na ubao wa tatu nilikaa mimi. Mbele yangu alikaa dogo wa mwaka wa kwanza, mkimya, daftari lake la hesabu ameliweka chini ya kiti. Nikamtazama nikasema moyoni: huyu namaliza mapema, niwahi foleni ya kantini.

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Wiki mbili nzima nilikuwa nimeangalia video YouTube kuhusu ufunguzi unaoitwa Ruy Lopez, tawi lake la mabadilishano. Hatua saba za kwanza nilizijua kama ninavyoijua namba yangu ya usajili. Nilizicheza zote bila hata kuinua macho. Dogo naye akajibu vilevile kama kwenye video. Hatua ya saba ikaisha, na video ikaishia hapohapo. Nikabaki nautolea macho ubao kama mtu aliyeingia kwenye UE akakuta swali halimo kwenye desa.

Nilipigwa. Wala sikupigwa kwa bahati mbaya, eti nimesahau malkia mahali. Nilipigwa taratibu, kete moja baada ya nyingine, mpaka nikanyoosha mkono wa kukubali. Uhandisi wakashangilia. Kwenye grupu la kitivo hakuna aliyenitukana, ila stika zilisema yote.

Kilichoniuma zaidi ni alichoniuliza yule dogo tukiwa tunapanga kete kwenye boksi. Aliuliza kwa adabu kabisa: "Dada, samahani. Kwa nini kila nilipokuletea tubadilishane ulikuwa unakimbia? Si ndicho ulichokuwa unakitaka tangu hatua ya nne?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikujua kwamba hatua ya nne ilikuwa inataka kitu. Kwangu mimi hatua ya nne ilikuwa ni ile inayokuja baada ya ya tatu.

Makala hii ni jibu langu kwake, limechelewa muhula mzima. Nimeona niliandike hapa badala ya kumtumia meseji kwa sababu nadhani ugonjwa niliokuwa nao pale mezani tunao wengi hapa chuoni, na sisi tunaosomea ualimu tuko mbioni kuupeleka madarasani.

Kwanza ubao wenyewe. Wasiocheza wasiogope, nitakwenda polepole, na wanaocheza wanivumilie. Ubao wa sataranji una miraba 64. Safu za wima zinaitwa kwa herufi, a mpaka h, na mistari ya ulalo kwa namba, 1 mpaka 8, ambapo 1 ndiyo ya upande wa Nyeupe. Kwa hiyo e4 ni anwani, kama kusema bloku e, chumba namba 4. Mbele ya kila jeshi wapo vitunda wanane, wale askari wadogo wanaokwenda mbele tu, hawarudi nyuma, na wanaokula kwa mshazari. Kitunda akifika mwisho wa ubao anageuka malkia. Hilo la mwisho lishikeni, maana hadithi yote imelala hapo.

Ruy Lopez ni jina la mtu. Ruy López de Segura alikuwa padri wa Hispania aliyetoa kitabu cha sataranji mwaka 1561, na ufunguzi huu ukabaki na jina lake mpaka leo. Unaanza hivi. Nyeupe anasukuma kitunda mpaka e4, Nyeusi anamjibu kwa kitunda e5. Nyeupe anatoa farasi f3 kumtishia kile kitunda cha e5. Nyeusi anatoa farasi c6 kukilinda. Sasa Nyeupe anamleta askofu mpaka b5, anamkazia macho yule farasi mlinzi. Nyeusi anasukuma kitunda a6, kama mtu anayemuuliza askofu: unabaki au unaondoka? Kwenye matawi mengi askofu anarudi nyuma. Kwenye tawi la mabadilishano haondoki. Anamla farasi pale c6, naye analiwa na kitunda kilichokuwa d7.

Hapo ndipo hatua ya nne ilipo. Mtu anayeiona kwa mara ya kwanza anauliza swali zuri sana: kama farasi mlinzi ameshaliwa, si kitunda cha e5 kimebaki yatima? Farasi wangu akakile bure!

Mimi kwenye video nilisikia tu kwamba usikile. Nikaandika kwenye simu: "hatua ya 5, usile e5." Basi. Sababu yenyewe hii hapa, na wala siyo ngumu. Ukikila, Nyeusi anamrusha malkia wake d4, katikati ya ubao. Pale anawatishia wawili kwa mpigo: farasi wako aliyeko e5 na kitunda chako cha e4. Huwezi kuwaokoa wote. Farasi anakimbia, malkia anakula e4 huku akimpigia mfalme wako cheki. Kitunda ulichokula umekirudisha, na njia za maaskofu wake umemfungulia. Ulichodhani ni cha bure kumbe ulikuwa umekopeshwa.

Sasa angalia utamu wake. Kama kwenye hatua ya tano Nyeupe atamficha kwanza mfalme pembeni pamoja na ngome, tishio lile ambalo lilikuwa hewa linageuka kuwa la kweli. Kwa nini? Kwa sababu safari hii malkia wa Nyeusi akija d4 na kula e4, ngome ya Nyeupe inasogea e1, na malkia yule amesimama mbele ya mfalme wake mwenyewe kwenye safu moja. Hawezi kutoka kwenye safu ile, amenaswa. Ona: farasi yuleyule, kitunda kilekile, hatua iliyokuwa makosa dakika moja iliyopita sasa ni sahihi. Aliyekariri "usile e5" atapitwa na hiyo bahati. Aliyeelewa kwa nini hailiwi ndiye atakayejua lini inalika.

Hiyo ni siri ya kwanza. Siri ya pili ndiyo ambayo dogo wa uhandisi aliijua na mimi sikuijua.

Kwenye tawi nililocheza mimi, Nyeupe hatua ya tano anasukuma kitunda d4, vitunda vinaliwa, malkia wanabadilishana, na hatua ya saba farasi wa Nyeupe anakaa d4. Hapo video yangu ilipoishia. Chukua kalamu uhesabu vitunda. Kila upande umebaki na saba, kwa hiyo ukitazama harakaharaka unasema ngoma droo. Lakini hesabu vinapokaa. Upande wa mfalme, kuanzia safu ya e mpaka h, Nyeupe ana vinne na Nyeusi ana vitatu. Upande wa pili, a mpaka c, Nyeupe ana vitatu na Nyeusi ana vinne. Bado unasema ngoma droo, kila mtu ana wingi wake upande mmoja.

Hapana. Vile vinne vya Nyeusi, viwili vimepandana kwenye safu moja, c7 na c6, mmoja nyuma ya mwenzake kama abiria wa bodaboda. Kumbuka kila kitunda ndoto yake ni kufika mwisho awe malkia. Vinne vya Nyeupe dhidi ya vitatu, vikisukumwa kwa akili, vitatoa kimoja kitakachopenya na kukimbia. Vinne vya Nyeusi vilivyopandana, vitatu vya Nyeupe vikikaa vizuri vinaweza kuvizuia visitoe chochote. Maana yake, chukua ubao huo, ondoa maaskofu, ondoa farasi, ondoa ngome, waache wafalme na vitunda tu: mara nyingi Nyeupe anashinda. Ushindi upo pale tayari, umefunikwa na kete nyingine.

Basi kazi ya Nyeupe ni nini? Ni kuondoa hizo kete nyingine! Kubadilishana. Ngome kwa ngome, farasi kwa farasi, kila mabadilishano yanakusogeza karibu na ule mwisho unaokufaa. Na Nyeusi je, yeye ni mjinga kukubali? Hapana, naye amelipwa. Ana maaskofu wawili, na Nyeupe amebaki na mmoja. Maaskofu wawili ubao ukiwa wazi ni hatari, wanafagia kona zote. Kwa hiyo Nyeusi anataka kete zibaki, ubao ufunguke, maaskofu wapige kazi kabla mwisho haujafika. Mmoja anataka mchezo upungue, mwingine anataka uchangamke. Hiyo ndiyo mikataba miwili iliyosainiwa kwenye hatua ya nne, mimi nikaisaini bila kuisoma.

Ndiyo maana dogo alishangaa. Mimi nilidhani kucheza kwa ushujaa ni kutunza kete nyingi nimshambulie nazo. Akileta ngome tubadilishane, nakimbia. Akileta askofu, nakimbia. Yeye alikuwa ananipima tu, kuona kama najua nilichokibeba. Alipoona sijui, akaacha kuleta. Akasukuma kile kitunda chake kilichopandana, c6 kwenda c5, kisha c4, akakitoa sadaka. Mimi kwa tamaa nikakila kwa kitunda cha b. Hatua chache baadaye askofu wake akala kile changu pale c4. Hesabu ikawa sawa, lakini angalia kilichotokea: yeye hana tena vitunda vilivyopandana, ugonjwa wake umepona, na mimi upande ule nimebaki na vitunda viwili, cha a na cha c, kila mmoja peke yake kama yatima. Nilimtibu kwa mkono wangu mwenyewe. Baada ya hapo maaskofu wake wawili walinifanyia sherehe.

Kuna mtu atasema: basi dada, kariri mpango badala ya hatua. Kariri kwamba "mabadilishano, sukuma vitunda vinne, shinda." Nami nilifikiri hivyo, mpaka nikakutana na mchezo mmoja wa mwaka 1914.

Mashindano yalikuwa St. Petersburg, Urusi. Emanuel Lasker, Mjerumani, bingwa wa dunia na daktari wa hisabati, alikuwa anamfukuza José Raúl Capablanca, kijana wa Cuba aliyekuwa anaongoza msimamo. Zimebaki raundi chache, Lasker anahitaji ushindi. Watu walitarajia atoe ufunguzi wa moto. Yeye akacheza Ruy Lopez, tawi la mabadilishano, na malkia wakatoka mapema, ilivyokuwa kwangu mimi na dogo. Tawi ambalo wengi waliliona la kutafuta droo! Lakini kumbuka ile mikataba miwili. Nyeusi kwenye tawi hili ndiye anayetakiwa kuchangamsha mchezo, na Capablanca aliyekuwa mbele kwa pointi hakuwa na haja ya kuchangamsha kitu. Wachambuzi wengi wameona ujanja wa Lasker umelala hapo: alimwekea mwenzake hali inayodai awe mkali siku ambayo angependa kutulia.

Kisha ikaja hatua ya 12. Mpango unasema vitunda vinne vya upande wa mfalme visogee kwa pamoja, kimoja kikimshika mkono mwenzake, e4 iende e5 kwa msaada wa f4. Lasker akasukuma f4 kwenda f5. Ukilinganisha na kitabu, hilo ni kosa: kitunda cha e4 kinabaki nyuma, mraba wa e5 unakuwa wa Nyeusi, na ule wingi wa vinne unakwama. Kwa nini alifanya hivyo? Kwa sababu f5 ilimbana askofu wa Nyeusi asipate pa kupumulia, na iliutengeneza mraba wa e6 uwe kiti cha farasi. Hatua ya 16 farasi wa Lasker alikuwa ameshakaa e6, ndani kabisa ya nyumba ya watu, na ngome za Capablanca zikawa hazina pa kupita. Mchezo ukaisha hatua ya 42, Lasker ameshinda, na mwisho wa mashindano alimpita Capablanca kwa nusu pointi.

Lasker hakuutupa mpango kwa sababu haujui. Aliujua kiasi kwamba alijua bei ya kuuacha, na siku ile akaona anachopata kinazidi anachotoa. Huo ndio uelewa ninaouzungumzia. Anayekariri hatua anaumbuka video ikiisha. Anayekariri mpango anafika mbele kidogo, naye anaumbuka hali ikibadilika. Anayejua sababu ana pa kusimama zote mbili zikiisha.

Bobby Fischer wa Marekani naye alilichukua tawi hili hili kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Havana mwaka 1966, akalicheza kwa kumficha mfalme kwenye hatua ya tano, ile niliyoieleza hapo juu, na akawapiga nalo vigogo kama Portisch na Gligorić. Lilikuwa limeonekana la kizamani, akalirudishia heshima. Cha kuchekesha ni kwamba Fischer huyohuyo, aliyejua funguzi kuliko karibu watu wote wa zama zake, mwaka 1996 akiwa Buenos Aires alitangaza namna mpya ya mchezo ambamo kete za nyuma zinapangwa kwa kubahatisha, mipangilio 960, ili mtu asiweze kuja na hatua ishirini alizokariri nyumbani. Alichoka kuona watu wanacheza kumbukumbu badala ya kucheza sataranji.

Sasa turudi chuoni kwetu.

Mwaka jana nilikwenda mazoezi ya kufundisha, sekondari ya kata, kidato cha kwanza, hisabati. Mada ilikuwa kugawanya sehemu. Niliandika ubaoni kwa mwandiko mzuri: geuza sehemu ya pili, kisha zidisha. Nikatoa mifano mitatu. Binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha kidole: "Madam, kwa nini tunaigeuza?" Nikamjibu: "Ndiyo kanuni. Andika." Akaandika. Mwalimu aliyekuja kunisimamia alikaa nyuma, akanipa alama nzuri kwa kulimudu darasa.

Siku ile sikuona tatizo. Nililiona baada ya dogo kuniuliza lile swali mezani, kwa sababu lilikuwa ni swali lilelile. Kwa nini tunaigeuza? Ningeweza kumwambia: chukua nusu chapati, uigawe kwa robo, yaani uulize robo ngapi zinaingia kwenye nusu. Zinaingia mbili. Kila chapati nzima ina robo nne, ndiyo maana kugawa kwa robo ni sawa na kuzidisha kwa nne. Dakika mbili tu na chapati moja ya kuchora. Sikumwambia kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kuambiwa, na sikuwahi kujiuliza. Nilipata alama zangu za hesabu tangu darasa la tano mpaka chuo bila kujua kwa nini ninaigeuza.

Na sisi hapa tunaishije? Wiki mbili kabla ya UE, steshenari zote foleni, madesa yanatolewa kopi mpaka mashine zinapiga moshi. Tunakremu maswali ya miaka mitano iliyopita. Kwenye diskasheni mtu akiuliza "lakini hii inatokana na nini?" anaambiwa usitupotezee muda, mwalimu huwa hatoi hiyo. Pepa ikitoka kama desa, tumetusua. Mwalimu akibadilisha swali kidogo, kilio korido nzima, ametuonea. Hatua ya nane hiyo, wajameni. Hakutuonea mtu.

Najua hoja za upande wa pili, nyingine nimezitoa mimi mwenyewe chumbani hosteli. Ya kwanza: hata mabingwa wa sataranji wanakariri. Kweli kabisa. Wachezaji wakubwa wa leo wanabeba kichwani hatua nyingi kuliko tunavyoweza kufikiria, na wanaziandaa kwa kompyuta. Hata mimi bila kukariri jinsi farasi anavyotembea nisingefika popote. Simwambii mtu aache kukariri. Kuna vitu lazima vikae kichwani, iwe ni jedwali la kuzidisha, majina ya mifupa kwa wenzetu wa tiba au vifungu kwa wenzetu wa sheria. Ninachosema ni kwamba bingwa akikariri hatua anajua ile hatua inalinda nini na inaacha nini. Kumbukumbu yake ina mizizi. Yangu ilikuwa imebandikwa kwa gundi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: mfumo ndio unatudai hivi. Kozi saba, lekcha yenye watu mia kadhaa, mtu umesimama dirishani unasikia nusu, boom limechelewa, ukifeli kuna sapu na ukizidi kufeli unadisko. Nani ana muda wa kuuliza kwa nini? Hoja hii siwezi kuicheka, maana naiishi. Mtihani unaopima kumbukumbu utazaa wanafunzi wa kumbukumbu, na hilo serikali yetu ya wanafunzi inapaswa kulipeleka kwenye vikao vya taaluma kwa sauti ileile inayotumika kudai boom. Tuombe maswali ambayo desa haliwezi kuyajibu. Najua naomba kitu ambacho kitatuumiza mwaka wa kwanza. Lakini mtihani unaofanana na wa mwaka juzi unatuumiza pia, ila maumivu yake tunayapata tukiwa kazini, na wanaoyalipia ni wengine.

Kwa upande wangu kama mwalimu mtarajiwa, mfumo siwezi kuufanya kichaka cha kujificha. Daktari aliyekremu atakutana na mgonjwa asiyefanana na desa. Mhandisi atakutana na udongo usiofanana na wa kwenye notisi. Mimi nitakutana na binti wa mstari wa mbele, kila mwaka, kwa miaka thelathini ya ajira, na kila mwaka nitamwambia "andika." Zidisha hiyo mara madarasa, zidisha mara walimu tunaohitimu pamoja. Kisha tukae vijiweni tukilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawafikiri.

Mambo mawili madogo tunaweza kuyaanza bila kikao chochote. La kwanza, kwenye vikundi vyetu vya diskasheni tuweke sheria moja: hakuna jibu linaloandikwa kabla aliyelitoa hajasema sababu yake kwa maneno yake mwenyewe, bila kusoma. Tumejaribu kwenye kikundi chetu cha watu sita. Tunakwenda taratibu zaidi, hilo sitawadanganya. Maswali tuliyokuwa tunamaliza kumi tunamaliza manne. Lakini kwenye testi ya mwisho, swali lililogeuzwa lilipokuja, hakuna aliyetoka nje akilalamika ameonewa.

La pili ni klabu ya sataranji yenyewe. Tunakutana Jumatano jioni, na zamani tulikuwa tunashindana kujua funguzi nyingi. Sasa tumebadilisha. Mtu akicheza hatua, mwenzake ana haki ya kusimamisha saa na kuuliza: hii inataka nini? Ukishindwa kujibu, unairudisha. Wazee wa drafti pale chini ya mwembe nje ya geti wanafanya hivi siku zote, mtu akisukuma kete ovyo anaulizwa mbele za watu "umeona nini hapo?", nasi tulikuwa tunawapita na mabegi yetu ya kompyuta tukidhani sisi ndio wasomi.

Dogo wa uhandisi siku hizi anakuja Jumatano. Nilimuuliza tawi lile alilijulia wapi. Akacheka: "Dada, wala silijui jina lake. Nilihesabu tu vitunda."

Mimi bado nalicheza. Wiki iliyopita nililicheza naye tena, na alipoleta ngome tubadilishane, sikukimbia. Ikawa droo. Binti wa mstari wa mbele yeye sijamjibu bado. Ratiba ya mazoezi ya kufundisha mwaka huu imeshatoka, na nimeomba nipangiwe shule ileile. Nikipata, chapati nitaichora siku ya kwanza.